Mama mkwe amefunga virago kwa sababu ya bakteria wa tumboni mwangu

Shangazi, natumai u mzima.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza yuko gredi ya tatu, wa pili bado hajafikisha miaka miwili. Tunaishi Nakuru, upande wa Kaptembwo, na nina kibanda cha saluni ninakosukia nywele. Mume wangu ni fundi wa magari. Mama mkwe alitoka kwake Njoro akaja kukaa nasi mtoto wa pili alipozaliwa, na ndiye anayebaki naye nikiwa kazini. Sikuwahi kugombana naye. Nasema hivi mapema usije ukanifikiria vibaya.

Shida yangu ilianza tumboni. Kwa muda mrefu nimekuwa na maumivu hapa kwenye chembe cha moyo, yanachoma kama kaa la moto, hasa usiku wa manane na asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Nikila yanatulia, halafu yanarudi, tumbo linajaa gesi na nacheua hadi wateja wanasikia. Nilianza kuzunguka kwa wauza dawa. Kwanza niliambiwa ni amiba. Halafu nikatolewa damu kidoleni nikaambiwa ni taifodi. Mwishowe kemisti mwingine alinipima damu tena akasema nina H. pylori, bakteria wa tumboni, na kwamba hiyo ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo. Aliniuzia pakiti ya vidonge vya asubuhi na jioni. Kusema kweli sikuvimaliza. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma kutwa nzima, chai haipiti, tumbo likaanza kuendesha, na kwa kuwa maumivu yalikuwa yamepungua nikaviweka kabatini. Baada ya miezi kadhaa maumivu yakarudi. Nikanunua pakiti ileile, safari hii nikajikaza nikamaliza. Nilipopata nafuu nilienda kupimwa damu nihakikishe nimepona. Bado ipo! Sasa naambiwa ninunue pakiti nyingine, na bei yake si mchezo.

Mteja wangu mmoja akanionyesha video kwenye simu. Mtu aliyevaa koti jeupe anasema ugonjwa huu hupitia mate, na kwamba ukitibiwa peke yako wenzako nyumbani hawajatibiwa, unarudishiwa kila siku kwa kikombe na kijiko. Hapo akili yangu ikaruka hadi kwa mama. Yeye pia hulalamika tumbo. Hunywa maziwa usiku ili alale, na juu yake dawa za magoti anazomeza kila siku. Na Shangazi, yeye humtafunia mtoto chakula. Nyama, githeri, hata mahindi ya kuchoma, anatafuna kwanza ndipo anamtilia mtoto mdomoni kwa kidole. Ndivyo alivyowalea wanawe wote, na husema wote wako hai.

Nikaanza polepole. Nikanunua vikombe vya rangi, kila mtu na chake, na sahani zangu nikazitenga. Hakuna aliyesema neno. Halafu jioni moja nikarudi nikamkuta anamtafunia mtoto nyama. Nilimnyakua mtoto mapajani pake nikasema, mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, kwamba sitaki mwanangu aambukizwe ugonjwa. Mama hakunijibu. Aliinuka akaenda kunawa mikono. Asubuhi yake nguo zake zilikuwa zimefungwa, anasema mwisho wa mwezi anarudi Njoro kwa sababu mahindi yake hayana mtu wa kuyapalilia.

Mume wangu hasemi nami ila kuhusu watoto. Anadai nimemwita mama yake mchafu. Nikamwambia basi angalau wewe ukapimwe, au tununue dawa tumeze wote, hata watoto. Alicheka kwa hasira, akasema yeye tumbo halimwumi na hawezi kumeza dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Wifi yangu naye amenipigia kutoka Eldoret. Ameshasikia.

Mama akiondoka, mtoto nitamwachia nani? Akibaki, ataendelea kumtafunia nikiwa kazini, nami nitaendelea kurudishiwa ugonjwa. Niombe msamaha, na nilikuwa namlinda mwanangu? Zamu yangu ya chama inakaribia na pesa hizo nilizipangia karo. Nizitoe ninunue dawa za nyumba nzima? Mwili nao umechoka. Mgongo unaniuma kwa kusimama, kila siku nameza diclofenac ndipo niweze kusuka, na usiku mtoto bado ananyonya. Nisaidie.

Mama Wawili, Nakuru

*

Mama Wawili, pole sana. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku wa manane humla polepole, na mtu asiyelala ana subira ndogo. Nimelizingatia hilo niliposoma habari za ile jioni.

Una tumbo lisilopona na una nyumba iliyonuna, na barua yako imeyafunga mambo haya mawili kwa imani moja, kwamba umetibiwa ipasavyo na kuna mtu anayekurudishia ugonjwa. Naomba tuitazame imani hiyo kabla ya kufika kwa mama na mfuko wake wa nguo, kwa sababu yapo mambo ndani yake ambayo pengine hakuna aliyekaa nawe akakueleza. Mimi si daktari wako na siwezi kukutibu gazetini. Haya ninayokuandikia ndiyo ningetaka uyabebe utakapokwenda kumwona.

Kile kipimo cha damu kwanza. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili ulitengeneza kupambana naye, na kinga hiyo hubaki katika damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo “bado ipo” uliyoambiwa inaweza kuwa si kweli. Huenda ulipona kwa ile pakiti uliyoimaliza. Huenda hukupona. Kipimo ulichofanyiwa hakina uwezo wa kutofautisha, na ukifikiria vizuri, ugomvi mzima wa nyumbani kwako umesimama juu ya jibu hilo.

Kinachoweza kutofautisha ni kipimo cha choo kinachotafuta antijeni, yaani chembe za H. pylori mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi. Cha choo ndicho rahisi zaidi kukipata. Lakini kina masharti. Hufanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na dawa za kukata asidi za jamii ya omeprazole ziwe zimesimamishwa kwa wiki 2 hivi, la sivyo bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana na utaambiwa umepona ilhali hujapona. Muulize daktari utumie nini kutuliza kiungulia katika wiki hizo mbili, maana si haba. (Hicho kipimo cha taifodi cha tone la damu nacho kinajulikana kwa kuona taifodi pasipo na taifodi. Nikianza habari hiyo nafasi itaniishia.)

Sasa tuseme kipimo cha choo kinaonyesha bakteria yupo. Hata hapo sioni kwamba pakiti ileile ndiyo njia. Pakiti zinazouzwa sana huwa na dawa tatu, moja ya kukata asidi na antibiotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, na hiyo ya mwisho huenda ndiyo iliyokupa ladha ya chuma. Bakteria aliyeonja clarithromycin akanusurika huwa ameizoea, na ndiyo maana miongozo ya matibabu hushauri kutoirudia kwa mtu ambaye imeshindwa kwake, na kumpa mchanganyiko mwingine, mara nyingi wenye bismuth, kwa siku 14. Wewe ulikatiza mara ya kwanza, ukarudia dawa zilezile. Wengi hukatiza pale pale ulipokatizia. Laiti aliyekuuzia angekwambia mapema kwamba ladha ile itakuja na itaondoka, na kwamba kuhara kidogo hutokea na ukizidi urudi kwake, pengine ungevumilia.

Hapo ndipo neno uliloliweka mwishoni kabisa, kwamba mtoto bado ananyonya, linapokuwa la kwanza kulisema mbele ya daktari. Baadhi ya dawa katika michanganyiko hiyo ya pili haziwafai wanaonyonyesha. Sema pia kama una mimba au unashuku unayo, na kama penisilini iliwahi kukuwasha ngozi au kukuvimbisha uso. Muuza dawa asiyekuuliza maswali haya hajui anamuuzia nani.

Na kuna neno jingine la mwishoni ambalo limenishtua kuliko H. pylori yenyewe. Unameza diclofenac kila siku! Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofen na aspirini, hudhoofisha ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Zinaweza kutoboa kidonda kwa mtu ambaye hana bakteria hata mmoja, na kwa aliye naye hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kwa hiyo upo uwezekano kwamba bakteria alikufa zamani na tumbo linaendelea kuchomwa na kidonge cha mgongo. Mwulize daktari kuhusu kutumia parasetamoli badala yake. Kuhusu mgongo wenyewe, kiti kirefu cha kukalia unaposuka, au kumshusha mteja kwenye stuli fupi zaidi, kinaweza kukusaidia kuliko unavyofikiri. Wasusi niwajuao husimama kwa mazoea tu.

Haya, nani alikuambukiza?

Kwa miaka mingi swali hili halikuwepo kabisa. Madaktari waliamini vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi iliyozidi, na mpaka leo utaambiwa hivyo na shangazi yeyote (mimi nikiwemo zamani). Ni mwaka 1982, kule Perth nchini Australia, ambapo Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kumkuza bakteria huyu katika maabara. Wenzao hawakuamini kwamba kiumbe anaweza kuishi ndani ya asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alimnywa, akaugua uvimbe wa tumbo, akachunguzwa na bakteria akakutwa. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nakueleza haya kwa sababu wazee wanaosema ni pilipili hawakuyazua, ndivyo hospitali zilivyokuwa zikifundisha walipokuwa vijana. Pilipili na githeri vinaweza kukichokoza kidonda kilichopo lakini havikianzishi. Maziwa anayokunywa mama usiku humtuliza kwa muda mfupi, halafu tumbo hujibu kwa kuongeza asidi.

Kilichojulikana tangu hapo ni kwamba watu wengi sana duniani wanaye, na katika nchi zetu zaidi, na wengi wao hawataumwa maisha yao yote. Kwa kawaida humpata wakiwa watoto, ndani ya familia, kwa njia ya mate, matapishi, au choo kinachofika kwenye maji na mikono. Akishaingia hakai wiki moja akaondoka. Hukaa miongo. Sasa fikiria hilo, kisha ujiulize ulimpatia wapi. Huenda uliolewa naye tayari, umembeba tangu nyumbani kwenu. Huenda mama anaye wa kwake wa tangu utotoni, na mume wako anaye asiyemsumbua. Hakuna karatasi ya majibu ya maabara inayoandikwa jina la aliyekupa. Na mtu mzima akishapona kweli, kuambukizwa upya si jambo la mara kwa mara, ingawa hutokea zaidi penye maji yasiyo salama. Ugonjwa ukirudi muda mfupi baada ya dawa, mara nyingi ni yuleyule ambaye hakufa.

Ukilikubali hilo, vikombe vya rangi vinabaki kuwa vikombe vizuri. Sabuni na maji mengi vinatosha kwa vyombo vya nyumba moja. Mahali pa kuweka nguvu zako ni mikono, baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kabla ya kupika, na maji ya kunywa, yachemke au yatiwe dawa. Kwa kuwa uko Nakuru niongeze kidogo. Maji ya visima vingi vya huko yana floraidi nyingi, ile inayochafua meno ya watoto, na kuyachemsha kunaua vijidudu lakini floraidi hakuiondoi. Vichujio vya mkaa wa mifupa huiondoa floraidi, lakini usivihesabu kuwa vimeua vijidudu. Ni mambo mawili tofauti na majirani wengi huyachanganya.

Nikirudi kwenye kutafuna. Hapa sikwambii ulikosea kuwa na wasiwasi. Watafiti wameitaja desturi hii miongoni mwa njia ambazo mtoto anaweza kupatia H. pylori kutoka kwa mkubwa, na mate hubeba mengine pia, hata bakteria wanaooza meno. Unayo sababu ya kutaka ikome. Ila jiulize pia mama alikuwa akifanya nini. Punje ya mahindi ya kuchoma au kipande cha nyama kinaweza kumpalia mtoto wa umri huo hadi akakosa pumzi. Bibi anayetafuna kwanza anajua hilo kuliko wewe na mimi, na amewavusha watoto wake wote kwa njia hiyo bila blenda wala kinu. Ulichokiona wewe ni ugonjwa ukiingia mdomoni. Alichokuwa akikizuia yeye ni mtoto kukabwa. Pengine mngeweza kukutania hapo. Nyama ichemshwe hadi ilainike na ikatwe ndogondogo, githeri ipondwe kwa mwiko, mahindi ya kuchoma yangoje miaka, na kazi hiyo yote ibaki mikononi mwake, kwa sababu kumnyang'anya kazi yenyewe ni kumwambia hafai kulea. Mtoto wako naye ana meno sasa. Muda wa kutafuniwa unamwishia hata pasipo ugomvi.

Kuna jambo ulilolitaja juu juu na ambalo silioni dogo. Mama ni mtu wa makamo au zaidi, analalamika tumbo, na anameza dawa za magoti kila siku, ambazo mara nyingi huwa za jamii ileile ya diclofenac. Katika nyumba yenu, ninayemhofia kiafya kuliko wote ni yeye. Kidonda cha mzee anayemeza dawa hizo kinaweza kuanza kuvuja damu kabla hakijauma sana. Mfahamu dalili, wewe kwa ajili yako na yeye kwa ajili yake. Choo cheusi ti kinachonata na kunuka vibaya, kutapika damu au matapishi yenye punje za rangi ya kahawa, kizunguzungu na kupauka, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kinaposhuka, au maumivu ya ghafla na tumbo kukakamaa. Kupungua uzito na kukwama kwa chakula kunataka daktari wiki hiyohiyo. Mengine ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. (Vidonge vya madini ya chuma na bismuth navyo hugeuza choo kuwa cheusi, kwa hiyo mtaje kila dawa mnayomeza.) Kwa umri wake, daktari anaweza kutaka aingizwe kamera tumboni badala ya kumpa pakiti tu. Asiache ghafla dawa yoyote aliyoandikiwa na daktari, hasa aspirini ya moyo kama ni hiyo. Aziorodheshe zote na aende nazo.

Unaona jinsi mazungumzo yanavyoweza kugeuka. Kutoka “usimwambukize mwanangu” hadi “mama, mimi na wewe tumbo linatuuma, twende tuonwe pamoja.” Lakini sitakudanganya kwamba ni rahisi. Baada ya ile jioni anaweza kusikia mwaliko huo kama shtaka la pili, kwamba sasa unamtafutia karatasi ya kumhukumu. Pengine ukitaja magoti kwanza na tumbo baadaye atakusikia vizuri zaidi. Wewe unamjua, mimi simjui.

Mume wako nimemsikiliza kupitia kwako, na nadhani amesema jambo moja la kweli kwa sauti mbaya. Mtu mzima asiye na dalili hanunuliwi antibiotiki kwa kukisia. Anapimwa kwanza, na daktari ndiye huamua kama kuna haja. Watoto wasioumwa kwa kawaida hata hawapimwi, sembuse kupewa dawa. Nyumba nzima kumeza dawa bila kipimo huzidisha usugu wa dawa, na itakapofika siku mtoto anahitaji amoxicillin ya kifua, huenda isimsaidie. Kwa hiyo hilo la kumaliza pesa za chama kwa pakiti za watu wote, mimi lingenipa shaka. Kuna jambo moja la kumwuliza hata hivyo. Kama katika ukoo wao au wenu kuna aliyekufa kwa saratani ya tumbo, hilo lisemwe kwa daktari. Bakteria huyu aliorodheshwa mwaka 1994 na shirika la utafiti wa saratani la WHO miongoni mwa visababishi vya saratani. Wengi walio naye hawaipati kamwe, lakini historia ya ukoo hubadilisha ushauri.

Ila sidhani kilichomuudhi ni vidonge. Ulimwomba akapimwe siku ileile mwiba wa mama yake ulipokuwa mbichi. Akikubali kipimo, machoni pake, amekubali kwamba mama yake ndiye mgonjwa wa nyumba. Mambo haya mawili ukiyatenganisha, kwa siku au kwa wiki, huenda akapata nafasi ya kukujibu moja bila kulisaliti jingine.

Unauliza uombe msamaha vipi na ulikuwa ukimlinda mtoto. Ninavyoona, kuna ulichokisema, kuna ulivyokisema, na kuna aliyekuwa amesimama mlangoni anasubiri chumvi. Nadhani mama angeweza kuyameza mawili ya kwanza. La tatu ni gumu kwa mkwe yeyote. Unaweza kumwomba radhi kwa hilo pekee, mkiwa wawili, bila kurudisha mlo wa kutafuniwa. Hatari yake ni kwamba ukiweka “samahani” na “lakini usimtafunie” katika sentensi moja, atakumbuka nusu ya pili tu. Unaweza kumpitia wifi yako. Ni njia ya heshima, na wifi wengine wana busara, lakini neno likishafika Eldoret hurudi limenenepa, na huyu ameshakupigia akiwa na upande. Unaweza kumwachia mume wako aseme. Naye ni mtoto wa mlalamikiwa na mume wa mlalamikaji, kwa hiyo chochote atakachosema kitamgharimu upande mmoja. Au unaweza kunyamaza na kuacha mwisho wa mwezi ufike. Hiyo nayo ni njia, watu huichagua kila siku, na mara nyingine muda huponya. Mara nyingine huufanya mfuko wa nguo kuwa jambo lisilozungumzika tena.

Akiondoka, utamtafuta mtu wa kulea pale mtaani, na wapo wazuri. Lakini huyo atakuwa na watoto wengine, atawalisha kwa vijiko vyake na kwa maji yake, na hutakuwepo kuona. Sikwambii hivyo ili kukutisha. Nataka uweke hatari zote kwenye mizani moja, kwa sababu barua yako imempima mama peke yake.

Umechukulia pia kwamba mahindi ni kisingizio. Je, kama si kisingizio? Mama huyu ameacha nyumba yake tangu mtoto azaliwe, na shamba lisilo na mwenyewe hulegea upesi. Inawezekana amekuwa akitamani Njoro kitambo na hakuwa na mlango wa kutokea, nawe ile jioni ukamfungulia. Kama ndivyo, hata msamaha mtamu kuliko yote hautamzuia, na haitakuwa na maana kwamba hajakusamehe. Njoro si mbali, ni matatu moja kutoka mjini. Zipo familia ambazo bibi hukaa siku kadhaa huku na siku kadhaa kwake, na mlezi wa mtaani akaziba pengo. Hilo mnaweza kulizungumza wote watatu, au msilizungumze hadi tumbo lako litulie. Lakini hizo dawa za magoti zisingoje mpaka mpatane. Kama umejiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, uliza mapema kituo cha afya kilicho karibu kinagharamia nini na kipimo cha choo ni kiasi gani, kisha mwende kabla ya mwisho wa mwezi, awe anahama au anabaki. Akishafika Njoro ataendelea kuzimeza kila siku na hakutakuwa na mtu wa kumwuliza rangi ya choo.